Kichwa si kigumu, woga ndio unafunga mlango



Kila mwisho wa muhula, wazazi wanapokuja shuleni kuchukua buletini, kuna neno moja ninalolisikia kuliko mengine yote: "Madamu, huyu mtoto kichwa chake ni kigumu. Ninamufundisha usiku, asubuhi amesahau yote." Mama anayesema hivyo hasemi kwa ubaya. Amechoka. Ameuza makala au sambaza kutwa nzima, amerudi, ameketi na daftari la mtoto karibu na taa, na kesho yake mtoto anapata pointi mbili juu ya kumi.

Lakini mtoto huyohuyo, ukimuuliza juu ya usiku ule wa mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ilipolipuka na mbingu ya Goma ikawa nyekundu, atakueleza kila kitu: nani alimbeba, nani alikuwa analia, bidoni gani ilisahauliwa mlangoni. Hakuna mtu aliyemfundisha hayo mara mbili. Hakuyaandika popote. Basi inakuwaje kichwa kimoja kisahau saba mara nane, na kisisahau hata kidogo siku ya woga?

Swali hilo nilikutana nalo katika masomo ya saikolojia nilipokuwa nasomea ualimu, na tangu nianze kufundisha linanirudia kila wiki. Leo nataka tuliangalie pamoja, kwa sababu kwa wengine wetu jibu lake linaamua kama mtoto atabaki shuleni au atatolewa.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa kama kilo 1.4. Sehemu ya juu, ile yenye mikunjo mingi, ndiyo tunayoitumia kuhesabu, kupanga na kusema. Lakini chini yake, ndani kabisa, kuna sehemu nyingine zinazouzunguka moyo wa ubongo. Mwaka 1878 daktari mmoja Mfaransa, Paul Broca, alizitazama akaona zinakaa kama ukingo. Akazipa jina kutoka neno la Kilatini, limbus, yaani ukingo au pindo. Fikirieni pindo la kikwembe: halionekani sana, lakini ndilo linalozuia kitambaa kisifumuke. Mwaka 1937 Mmarekani James Papez aliandika kwamba sehemu hizo zimeungana na kwamba hisia zetu zinapitia humo. Mwaka 1952 Mmarekani mwingine, Paul MacLean, akaziita mfumo wa limbiki. Wataalamu wa siku hizi wanatuonya kwamba huo si sanduku lililojitenga. Unafanya kazi pamoja na ubongo wote. Lakini jina limebaki, na linatusaidia kuelewa.

Katika mfumo huo kuna viungo vitatu ambavyo kila mama anafaa kuvijua.

Cha kwanza kinaitwa hipokampasi. Kila mtu anazo mbili, moja kila upande wa kichwa, na kila moja inakaribia urefu wa kidole kidogo. Hiyo ni kama katibu wa kikundi chetu. Katika mkutano, watu wanasema mengi, lakini katibu asipoandika katika daftari, wiki ijayo hakuna anayejua ni zamu ya nani kupokea likelemba. Hipokampasi ndiyo inayoandika: jambo hili limetokea, mahali hapa, siku hii, baada ya lile.

Cha pili ni amigdala. Nazo ni mbili, kila moja iko mbele ya hipokampasi, ndogo kama punje kubwa ya karanga. Amigdala ni mlinzi wa usiku. Kazi yake si kufikiri. Kazi yake ni kusikia kelele na kuamsha nyumba. Ikiona hatari, inapiga kengele kabla wewe mwenyewe hujajua unaogopa nini. Ndiyo maana unaruka nyuma ukidhani umeona nyoka, kisha unaona ni kamba.

Cha tatu ni hipothalamasi. Huyo ndiye mjumbe. Amigdala ikipiga kengele, yeye anapeleka habari mwilini, mpaka kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Hizo zinamwaga adrenalini, na baadaye kidogo homoni nyingine iitwayo kotisoli. Moyo unakimbia, mikono inatoka jasho, tumbo linakaza, miguu inakuwa tayari kukimbia. Yote hayo Mungu aliyaweka ili tuokoke.

Tulijuaje kwamba katibu na mlinzi ni watu wawili tofauti? Kupitia wagonjwa wawili waliofundisha ulimwengu bila kujua.

Wa kwanza ni Mmarekani, Henry Molaison. Alisumbuliwa sana na kifafa. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 27, daktari William Scoville alimpasua na kuondoa sehemu za ndani ya ubongo wake pande zote mbili, pamoja na sehemu kubwa ya hipokampasi. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya. Ulizungumza naye, ukatoka nje kidogo, ukarudi, akakusalimu kama mgeni. Mtaalamu Brenda Milner, aliyemfuata kwa miaka mingi, alimfundisha kuchora nyota huku akiangalia mkono wake katika kioo. Siku baada ya siku alichora vizuri zaidi, na kila siku alisema hajawahi kufanya kazi hiyo. Mkono ulijifunza, daftari la katibu likabaki tupu. Molaison alikufa mwaka 2008, akiwa na miaka 82.

Wa pili alikuwa mwanamke mmoja wa Uswisi, na habari yake iliandikwa mwaka 1911 na daktari Édouard Claparède wa Geneva. Mama huyu naye alikuwa amepoteza uwezo wa kukumbuka mambo mapya. Kila siku daktari alijitambulisha upya. Siku moja akaficha pini kati ya vidole vyake, akampa mkono, ikamchoma. Baadaye daktari aliponyoosha tena mkono wake, yule mama alirudisha wa kwake nyuma. Hakukumbuka kuchomwa. Lakini aliogopa mkono ule.

Hapo ndipo kuna fundisho letu, wamama. Woga una daftari lake pembeni. Mtu anaweza kusahau kisa na bado mwili wake ukashika woga wake.

Mimi mwenyewe nilikuwa na umri wa miaka 11 tarehe 17 Januari 2002, moto wa Nyiragongo ulipopita katikati ya mji wetu. Ilikuwa siku ya Alhamisi. Ninakumbuka harufu, kama mtu amewasha viberiti elfu moja kwa mara moja. Ninakumbuka rangi ya kikwembe cha mama yangu, kwa sababu nilikishika pindo mpaka Gisenyi. Ninakumbuka chukudu iliyobeba kitanda na bibi kizee juu yake. Lakini somo tulilofundishwa shuleni Jumatano ya wiki ile, sijui hata neno moja. Na wengi wenu mliokuwa Goma siku ile mna orodha yenu, ya harufu na ya rangi.

Sababu ni kwamba amigdala ikipiga kengele, inamwambia katibu: "Hii andika kwa wino mzito." Jambo lenye hisia kali, iwe woga au furaha, linaandikwa kwa nguvu kuliko jambo la kawaida. Na harufu ina njia yake ya mkato. Yale tunayoyaona na kuyasikia yanapita kwanza katika kituo kimoja cha katikati ya ubongo kabla ya kugawanywa. Harufu haianzii hapo. Kutoka puani inakaribia kuingia moja kwa moja kwa amigdala na majirani zake. Ndiyo maana harufu ya sambaza inakurudisha jikoni kwa bibi yako kabla hujaliwaza hata jina lake, na harufu ya moshi fulani inamfanya mtu asimame katikati ya barabara bila kujua kwa nini.

Sasa nitasema neno gumu kidogo. Tuna mazoea ya kusema: "Huyu alikuwa mchanga, hakuelewa kitu, hatakumbuka." Ni kweli nusu. Hipokampasi inakomaa polepole katika miaka ya kwanza, ndiyo maana watu wengi hawakumbuki kitu cha kabla ya miaka mitatu. Lakini mlinzi anaanza kazi mapema kuliko katibu. Mtoto mchanga hatakuwa na hadithi ya kusimulia juu ya usiku wa kukimbia, lakini anaweza kukua akiwa na kengele iliyo rahisi kulia. Hali hiyo haiwi hukumu ya maisha, kwa kuwa ubongo wa mtoto ni laini na unajifunza utulivu kama unavyojifunza woga. Lakini tusiseme tena kwamba hakuna kilichoingia.

Niwaeleze juu ya msichana mmoja wa kalasi ya tano. Sitamtaja. Mwezi wa tano 2021, tarehe 27, tulipoamriwa kutoka sehemu kubwa ya mji kwa kuwa ardhi ilikuwa haitulii, familia yake iliingia katika msongamano wa barabara ya Sake. Alikuwa mdogo sana. Mkono wake ukaachana na wa mama yake, na ikapita siku mbili kabla hawajaonana tena. Alipoanza shule alikuwa mtoto mwema, mkimya. Kisha akakutana na mwalimu aliyekuwa na desturi ya kupiga meza kwa rula kubwa ili darasa linyamaze. Kila rula ilipolia, msichana huyu aliganda. Akiitwa ubaoni, alishika chaki na kunyamaza, macho yameenda mbali. Pointi zake zikaanguka miaka miwili mfululizo.

Mama yake alikuja kuniona. Akasema: "Madamu, mimi nimeshamalizana na hii shule. Wanasema masomo ya msingi ni ya bure tangu 2019, lakini daftari ninanunua, unifomu ninanunua. Huyu hashiki kitu. Afadhali abaki aniuzie makala, nimsomeshe mdogo wake. Na jirani ananiambia ni roho mbaya iko juu yake, nimpeleke akafungwe kwa maombi, siku tatu bila kula."

Nikamjibu: "Mama, tuketi kidogo." Nikamwita mtoto, nikamkalisha karibu nami, si mbele yangu. Tukachambua maharagwe ambayo mama alikuwa nayo katika mfuko. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia habari za nyumbani: "Saba mara nane?" Akasema: "Hamsini na sita." "Tisa mara sita?" "Hamsini na nne." Alijibu kumi na mbili, akakosea moja. Mama yake aliacha maharagwe, akamwangalia mtoto kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Akaniuliza: "Sasa kwa nini ubaoni hasemi?"

Nikamweleza hivi. Masomo yameingia. Katibu ameyaandika. Lakini rula ikilia au mtu akipaza sauti, mlinzi anadhani ni siku ile ya barabara ya Sake. Anapiga kengele, kotisoli inapanda, na damu, pumzi, nguvu zote zinaelekea kwenye kukimbia. Wakati huo ubongo hautafuti saba mara nane. Unatafuta mlango wa kutokea. Ni kama duka ambalo limefungwa upesi kwa sababu ya fujo sokoni: bidhaa zimo ndani, lakini hakuna anayeweza kununua.

"Basi nikimpiga ili ashike?" aliuliza. "Ukimpiga, mama, atashika fimbo. Na kila akiona namba ataiona fimbo kwanza."

Mimi si daktari, na sikumwambia kwamba ninajua yote yaliyo katika kichwa cha mtoto wake. Nilimwomba jambo moja tu: asimtoe shuleni mpaka muhula uishe, na asimnyime chakula. Maombi ni mazuri, nami ninaomba. Lakini ubongo wa mtoto unaishi kwa chakula, na njaa ya siku tatu ni woga mwingine juu ya woga.

Tulifanya nini? Hakuna dawa tuliyonunua. Ninawaandikia ili kila kikundi kiweze kujaribu.

Kwanza, sauti. Kabla ya kumwuliza mtoto somo, mlinzi wake atulie. Mwulizeni mkiwa mnafanya kazi ya mikono, mnachambua mchele, mnatwanga sombe, mnafua. Swali lisiwe kesi. Akikosa, mwambie jibu, kisha muulize tena baada ya muda. Kukumbuka mara kwa mara, kidogo kidogo, kunakaza kumbukumbu kuliko kurudia kurasa kumi usiku mmoja.

Pili, pumzi. Mfundishe kuvuta pumzi na kuitoa polepole, kama anayepuliza chai ya moto asiunguze ulimi. Pumzi ndefu ya kutoka inapunguza mwendo wa moyo, na mwili ukitulia, kengele nayo inashuka. Yule msichana alikuwa anafanya hivyo kabla ya kusimama ubaoni, na darasa lote likajifunza kutoka kwake.

Tatu, usingizi. Tukilala, ubongo unarudia mambo ya mchana na kuyapanga mahali pake. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji saa 9 mpaka 12 za usingizi. Najua nyumba zetu: maji yanachotwa alfajiri, redio ya jirani inalia mpaka usiku. Lakini mtoto anayelala saa tano na kuamshwa kubeba bidoni, hata mwalimu bora atakuwa anamwaga maji katika kikapu.

Nne, kusimulia. Wengi wetu tunanyamazisha watoto: "Usiseme hayo, yamepita." Kwa mlinzi hayajapita. Mtoto akitaka kusimulia, msikilize, na mwisho umsaidie katibu kuandika tarehe: "Ndiyo, ilikuwa hivyo. Ilikuwa wakati ule. Tulionana tena. Sasa tuko hapa, mimi na wewe, na mlango tumefunga." Usimlazimishe kama hataki. Kuchora nako ni kusimulia.

Tano, furaha. Wino mzito si wa woga peke yake. Hesabu inayoimbwa kwa kupiga makofi, somo linaloambatana na kicheko, harufu ya maandazi siku ya kusoma pamoja, vyote vinamwambia katibu aandike. Nimeona watoto wanakumbuka mito ya nchi yetu kwa sababu tu waliiruka kwa kamba.

Sita, sisi wenyewe. Mtoto anasoma uso wa mama kabla hajasoma kitabu. Mama ambaye kengele yake inalia usiku na mchana hawezi kutuliza ya mtoto wake, na hana kosa. Yeye naye alikuwa barabarani siku ile. Ndiyo maana ninapenda vikundi vyetu. Tunapoketi kuhesabu fedha za likelemba, tukiacha nusu saa kwa mama mwenye mzigo aseme, hatupotezi wakati. Tunamtuliza mama, na jioni mama atamtuliza mtoto.

Na kama mtoto anaota ndoto mbaya usiku baada ya usiku, amerudi kukojoa kitandani, hasemi tena, au anajificha kwa zaidi ya mwezi mmoja, mpelekeni kituo cha afya na muulize mtu anayeshughulika na afya ya akili. Kwenda huko si kusema mtoto ni kichaa, kama vile kwenda kupima malaria si kusema mtoto amekufa.

Yule msichana sasa yuko kalasi ya sita. Haongozi darasa. Kuna siku bado anaganda, hasa lori kubwa likipita na dirisha kutikisika. Lakini mama yake hakumtoa, na mwaka huu atafanya mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi. Jioni, mama huyo anauza makala mbele ya nyumba, na binti yake ndiye anayepiga hesabu za wateja kwa kichwa, kwa sauti, bila karatasi.

Leo jioni, kabla ya kumwuliza mtoto wako alipata pointi ngapi, muulize kwanza kama leo kuna kitu kimemwogopesha shuleni. Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.